Moto Isizime Mupaka Mutu Arudie

Kabuta, tarehe 7 ya mwezi ya nane, 2025

Mama Chomba, bibi yangu,

Jambo sana. Ni miye bwana yako Ackson. Nguvu iko, meno iko tatu, na yote tatu inafanya kazi. Huyu anaandika ni Mama Reine, yule Mukongomani anauzaka bitenge pa bandari, unamujua. Mukono ni yake, mudomo ni yangu. Nimemuambia aandike yote vile nasema, asipunguze, asiongeze. Kuongeza ni kazi yangu.

Leo ni siku ya tatu tangu basi ya parokia ilikubeba na bale bazee bengine kuenda kuona mayi ya moto upande ya Mpika. Kabuta yote inaniuliza: "Ackson, we hukuenda juu ya nini?" Nabajibu: miye nilizaliwa juu ya mayi, nakula mu mayi, mamba ya Kilwa inanijua kwa jina. Niende kuikala siku mbili mu basi juu ya kuangalia mayi inatoka mu muchanga? Nikitaka mayi ya moto naweka sufuria pa jiko. Njo vile nilimuambia padri siku ile alinipa kiti mu basi, mbele ya batu yote. Batu balicheka, nikasikia utamu.

Sasa nasikia kiti yangu balimupa Constantin. Yule mujane ya kambi ya bakimbizi, mwenye kuuza maharagi, mwenye gitari. Sina neno. Mutu mugongo yake iko kama ndoano ya kuvulia, nitamuonea wivu ya nini? Nauliza tu: mu basi anaikala karibu na nani?

Moto ya jikoni usiogope. Unajua desturi ya hapa pa ziwa: mutu ya nyumba akienda safari, mwenye kubakia anachunga moto isizime mupaka mutu arudie. Miye nikienda ku kambi ya kuvua, Kilwa, wiki mbili, wiki tatu, we ulichunga. Sasa ni zamu yangu. Moto inawaka kama shetani. Batu banakuya kuiangalia.

Telefone iko bado mu ziwa, pale ilianguka siku ya Paska. Samaki njo zinaitumia.

Magoti yako inasema nini? Kama inauma, rudia. Na kama umefika na unaona kuko kintu ulisahau ku nyumba, kintu ya lazima, usisikie haya. Panda basi, rudia. Mutu mukubwa anasahauaka.

Kidole yangu njo hii, na wino, juu kuandika sijui.
Ackson, bwana yako

Mama Brigitte, ni miye Reine. Ile moto inawaka kama shetani, leo asubui alikuya kwangu kulomba makala ya moto.


Pa mayi ya moto, tarehe 11 ya mwezi ya nane

Baba Chomba,

Dreva ya lori ya samaki aliniletea barua yako. Niliicheka mupaka Sista Ireen alikuya kuona kama niko mugonjwa. Yeye njo enfirmiye, muuguzi anatembea na sisi, juu tuko bazee.

Njia ni murefu. Kufika Luwingu miguu yangu ilikuwa imevimba, biatu ilikataa kuingia. Sista Ireen alitushusha kila mahali basi inasimama: "Bazee, tembeyeni! Damu ikilala mu miguu itawaua mu kiti, tutawashusha kama magunia!" Tulizunguka basi kama kuku, bazee makumi mbili na mbili, na batu ya soko banapiga makofi. Kisha anatunywesha mayi, kisha kila mutu anatafuta kichaka. Njo safari.

Lakini mayi, Baba Chomba! Inatoka chini mu muchanga, moto kama ya kuogesha mutoto, inakukanda miguu kama iko na bidole. Jana nilipanda ngazi ya kanisa bila kushika mutu. Nilishuka, nikapanda tena, juu sikuamini. Nalala vizuri. Nakula. Namaliza sahani.

Mbele uulize: banaume banaoga upande moja, banawake upande ingine, katikati kuko mabwe tu, majiwe makubwa. Tuko na nguo. Usianze. Na Constantin aliikala nyuma yangu mu basi, si karibu. Ananibebeaka kikapu juu anabebeaka kila mama kikapu.

Sasa sikia neno yenyewe. Kinini yangu ya tansio, ile dawa ya presha, siioni. Ile kifuko ya bleu niliiweka na mikono yangu mu kikapu, chini ya kitenge, jioni ile ya mbele ya kutoka. Nimetoa bintu yote. Haiko. Sijamuambia Sista Ireen, juu mutu bila kinini anamukataza mayi na anamurudisha kwao. Leo alikuwa anatupima bote. Mi nilijifungia mu choo mupaka alifunga mashini.

Tafuta ku nyumba. Chini ya kitanda, pa dirisha, kila mahali. Ukiiona mupe dreva, siku tatu inanifikia. Telefone ya mutu hapa haisikie kintu, ni bilima tu. Fanya mbio, Baba Chomba. Hii haiko mambo ya mucheko.

Brigitte


Kabuta, tarehe 14 ya mwezi ya nane

Mama Chomba,

Katikati kuko mabwe tu! Mabwe gani? Ya urefu gani? Mutu akisimama anaona? Mama Reine anacheka hapa, namuambia andika, usicheke, hii ni mambo ya ndoa.

Miaka makumi ine na tatu hukunisugua ata mugongo mu ziwa yetu, unasema mayi iko baridi. Sasa umepata ya moto, na gitari juu yake. Yule Constantin namujua. Siku alivuka ziwa kukimbia bita, nani alimupokea? Miye! Bwato yabo ilikwama mbali na bandari, nikaingia mu mayi, nikamubeba ku mugongo, gitari yake nikaiweka juu ya kichwa yangu. Mayi ilinifika ku masikio. Mamba mbili zilitufuata nyuma, polepole, zinangoja aanze kupiga. Sasa kikapu ya bibi yangu njo anabeba! Muambie kikapu iko mingi Kabuta, akuye abebe ya huku.

Na usizani we peke yako njo turiste. Juzi nilipanda bwato ya moteri mupaka Kilwa, nikalala siku mbili, nikarudilia Puta, nikala samaki ya kwabo. Bazungu babili balinipiga foto, balisema hawajaona muzee kama huyu. Mugongo yangu imenyooka, sasa nainama juu ya kuingia mu mulango yangu mwenyewe. Tansio? Mashini ya tansio ikiniona itanipa kiti.

Kifuko ya bleu nimetafuta. Chini ya kitanda. Pa dirisha. Mu mutungi. Panya alinipa pole. Haiko. Labda ilianguka mu basi. Labda mwenye kubeba bikapu ya batu anajua, muulize vizuri, huku ukimuangalia mu macho. Hapana, usimuangalie mu macho.

Kwa hiyo dawa iko moja: rudia. Basi inatoka huko kila Jumamosi. Mutu mugonjwa anaikala na bwana yake, haoge na batu ya maharagi.

Kidole yangu njo hii.
Ackson, turiste

Mama, hakuenda Kilwa, hakuenda Puta. Anaikala pa mulango asubui mupaka jioni, ata bandari haifike tena. Bukari, ugali yake, anaacha nusu. Na nilimuambia nisaidie kutafuta ile kifuko; alisimama pa mulango, akanyoosha mikono, akanikataza kuingia. Sikupenda ile. Reine


Pa mayi ya moto, tarehe 18 ya mwezi ya nane

Baba Chomba,

Kilwa hukufika. Usimuangalie Mama Reine mubaya, nakujua mwenyewe. Ungefika kweli ungeniandikia mamba saba, si bazungu babili.

Unasema rudia, rudia. Bon, leo mi pia nitasema. Miaka makumi ine na tatu ulikuwa unaenda ku kambi ya kuvua. Niliikala na batoto bagonjwa babili ku mapaja, na mukono ingine natia kuni, juu ulisema moto ikizima bwato inapinduka. Mwaka Chomba alizaliwa, nilichunga moto na tumbo ya miezi kenda, naenda kutafuta kuni mu mvua. Ulirudia kisha wiki tatu, unaimba, unanuka samaki ya kisense, na uliniuliza bukari iko wapi. Sikukutumia ata siku moja neno "rudia". We wiki mbili tu, unalia kama mutoto balimukataza ziwa.

Miye niko muzuri. Jumamosi nilitembea mupaka muto na kurudia, kilometa ine, na nilikuwa mbele ya bengine. Siku ya Mungu nilicheza mu misa mupaka padri alisimama kuangalia. Ee, Constantin njo alipiga gitari. Wivu ikushike vizuri, ikutoe pale pa mulango.

Asubui kichwa inakuwa nzito na masikio inalia kama kengele. Nazani ni moshi ya kuni. Siku kumi na ine bila kinini, labda mayi imeniponyesha. Mupaka leo niliweka miguu tu. Kesho naingia yote, mupaka ku shingo, kama bengine.

Nakuuliza mara moja, na sitauliza tena. Ackson, kifuko yangu haiko ku nyumba, kweli?

Brigitte


Kliniki ya pa barabara, tarehe 20 ya mwezi ya nane

Muzee Ackson, ndugu yangu,

Naandika mbio, dreva anangoja na moteri inawaka.

Jana asubui Mama Brigitte aliingia mu mayi ya moto mupaka ku shingo. Aliikala karibu dakika kumi na tano. Akasimama, akasema "Chomba", akaanguka ndani. Miye nilikuwa upande ingine ya mabwe. Niliruka. Nilimutoa, bamama babili balinisaidia.

Iko mu kitanda. Anasema, anatujua bote. Mukono ya kushoto haina nguvu. Tansio ilikuwa mia mbili na kumi na tano. Sista Ireen amejua sasa kama hakukunywa kinini tangu siku ya kwanza. Anamupa ile iko nayo, lakini anataka kujua alikuwa anakunywa gani ku Kabuta, maana ilikuwa ya namna mbili, na Mama hakumbuke majina.

Ukiona ile kifuko, mupe dreva huyu huyu. Kama hukuiona, uombe Mungu, na sisi tunaomba.

Constantin Nkulu


Kabuta, tarehe 22 ya mwezi ya nane

Brigitte,

Kifuko ni hii. Dreva iko nayo mu mukono. Kinini yote iko ndani, za namna zote mbili, sikupoteza ata moja. Haikuanguka mu basi. Haikuibiwa. Miye njo niliitoa mu kikapu yako ile jioni, pale ulienda kuoga. Niliificha mu ile nyavu ya zamani nyuma ya nyumba, juu najua haufikaki pale, unasema inanuka.

Mama Reine ameacha kuandika. Ananiangalia. Namuambia: andika, Mama, utanitukana kisha.

Nilifikiri hivi. Siku tatu bila kinini ataogopa. Ataogopa, atarudia. Basi itamushusha pa bandari, batu bataona, nami nitasema: si niliwaambia, safari haiko ya bazee? Sikufikiria kupita zile siku tatu. Na pale uliandika "fanya mbio", kifuko ilikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, na nikakuandikia bongo, uongo mutupu, juu ya panya. Ile ya pili njo mubaya kupita ya kwanza. Ya kwanza nilikuwa mujinga. Ya pili nilijua.

Utazani ni wivu ya Constantin. Kidogo, ee. Yule mutu iko na meno yote. Lakini wivu yenyewe ilikuwa ya magoti yako. We ulikuwa unainuka pa kiti unasema "ayi", na miye nainuka nasema "ayi", na mi nilisikia muzuri, juu tulikuwa tunasema pamoja. Kisha nikasikia unaenda mahali batu banaacha kusema "ayi". Nikaona utarudia kijana na miye nitabakia muzee peke yangu pa mulango. Ningekuambia hivyo tu. Lakini mudomo yangu inajua mamba, hii haijui.

Na kintu ingine. Pale padri alinipa kiti, sikukataa juu nilizaliwa mu mayi. Niliogopa. Mwisho ya safari yangu ni Mansa, mara moja, na nilitapika mu kofia ya mutu. Zile hadithi nilikusimulia, za Kasama, za Lusaka, za Lubumbashi na ile nyumba ya orofa kumi, nilizisikia pa bandari. Mu mayi niko simba. Ku barabara niko kuku.

Miye, mwenye kutoa batu kumi na mbili mu hii ziwa. Bon, saba. Bon, batatu, Mama Reine ameweka kalamu chini. Batatu. Na bibi yangu anaanguka mu mayi, na mutu ya maharagi njo anamutoa. Sijui umuambie nini. Muambie nimesikia.

Moto ilizima siku ya tatu. Nimelomba makala mara ine.

Kidole yangu njo hii.
Ackson

Mama Brigitte, nimeandika yote, sikupunguza. Nikimaliza namupeleka ku kliniki apimwe, akitaka asitake. Reine

Tumetoka ku kliniki, nafungua barua tena. Tansio yake ni mia moja makumi kenda na nane. Amepewa kinini, naye. Tangu pale hajasema ata mamba moja. R.


Kliniki ya pa barabara, tarehe 26 ya mwezi ya nane

Ackson,

Kifuko imefika. Sista ameona majina, tansio inashuka. Mukono inashika kikombe. Sindano haishike.

Sijakusamehe. Siku nikikusamehe utajua, usiulize.

Ningekufa hapa, na ungesema ni safari iliniua. Kabuta yote ingesema vile: "Mumeona? Bazee baikale ku nyumba." Na kila mama mwenye magoti ya kuuma angebakia pa mulango yake mupaka kifo, juu yako. Ile inaniuma kupita mukono.

Bengine banarudia Jumamosi. Mi Sista Ireen ananikataza basi mupaka katikati ya mwezi ya kenda. Sista anabakia na miye, na Constantin pia, alilomba mwenyewe. Sikia wivu sasa, imalize yote, kisha fanya hivi.

Panda basi. We mwenyewe, na matako yako. Ikala ndani siku mbili. Kila mahali inasimama shuka, tembea, kunywa mayi. Leta kinini yako na uikunywe. Usitapike mu kofia ya mutu. Constantin atakungojea pa barabara, juu njia ya kuingia huku hauijui, ata ukisema unaijua.

Ukifika njo tutaona.

Brigitte


Pa mayi ya moto, tarehe 4 ya mwezi ya kenda

Mama Reine,

Umeona, mukono haiko yako. Ni ya Constantin. Nilimulomba Brigitte aniandikie, akasema: "Mulombe yeye." Ile neno niliitafuna siku nzima mbele ya kuitoa. Kwa hiyo mukono ni yake, mudomo ni yangu, na namuangalia vizuri asiongeze.

(Siongeze kintu. C. N.)

Nilifika. Nilitapika, lakini mu mufuko yangu mwenyewe. Pa Luwingu nilizunguka basi kama kuku, peke yangu, abiria bote bananiangalia mu madirisha. Mama moja aliuliza: "Bashikulu, babu yetu, mumepoteza nini?" Nikamuambia nachunga damu yangu isilale. Akashuka, akazunguka na miye. Kisha bengine batatu. Pa kituo ya kufuata tulikuwa kumi na moja, na dreva anapiga honi, anatulalamikia.

Miguu ilivimba ata vile. Pa barabara nilimuona Constantin anasimama na fimbo yake. Nilikuwa nimepanga maneno makubwa, nilipanga tangu Kabuta. Nikashusha muguu, magoti ikakataa, nikaangukia mu mikono yake. Sasa ametoa bote babili, bibi mu mayi na bwana mu basi. Anacheka. Constantin, andika kama unacheka.

(Ninacheka. C. N.)

Nilimuambia asante.

(Alisema chini sana. Nilimulomba arudilie. Alirudilia. C. N.)

Brigitte hakusema na miye siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Alinipeleka tu kwa Sista Ireen, akasimama pale, akasikiliza hesabu yangu, akatikisa kichwa. Sista amesema tansio yetu ni kama mapacha. Kuingia mu mayi mwili muzima tunakatazwa bote: miguu tu, dakika kumi, yeye na saa mu mukono. Kwa hiyo bageni bengine banaingia mupaka ku shingo, na sisi tunaikala juu ya jiwe kama kuku mbili za kuuza. Namuona anashika kikombe, bidole ya kushoto inatetemeka. Najua ile haiko uzee. Ile ni yangu, niliitengeneza.

Bageni balisikia mi ni mutu ya hadithi, balilomba moja. Nikaanza ya mamba. Brigitte akaniangalia. Nikaacha mamba pale pale katikati ya ziwa, nikabaambia ya kifuko. Yote, bila kuongeza. Hakuna mutu alicheka. Muzee moja aliinuka, akaenda kuangalia kikapu ya bibi yake. Mama Reine, ilikuwa hadithi fupi kupita zote nimesema mu maisha yangu.

Jana Sista alisema dakika imeisha. Brigitte akainuka pa jiwe, akasema "ayi". Nikainuka, nikasema "ayi". Akauliza, na ni neno ya kwanza tangu nilifika:

"Ackson, nani anachunga moto ku nyumba?"

Nikamuambia: "Mama Reine. Nilimupa ufunguo, nikamuambia isizime."

Jiwe ilikuwa inateleza. Akanishika mukono na ile ya kushoto, ile nzito. Haikushika sana, lakini ilishika. Akasema:

"Muandikie aizime."

Nikauliza: umenisamehe? Akasema: "Nilikukataza kuuliza."

Bon. Basi Mama Reine, ukisoma hii ingia jikoni, mwaga mayi pale pa moto, mayi mingi, mupaka inyamaze. Kisha funga mulango. Hakuna mutu ku ile nyumba anangoja mutu.

Kidole yangu njo hii, na pembeni yake kuko ingine, ndogo, ya mukono ya kushoto. Hii sikuilomba.

Ackson